Damu ya buluu ya kaa na konokono: inabeba hewa, inapigana na maradhi

WENGI wetu tulikua tukiambiwa kwamba konokono, kaa na jongoo hawana damu. Ukimkanyaga konokono shambani hakuna wekundu wowote unaotoka. Kinachochuruzika ni ute na majimaji yasiyo na rangi. Basi watu husema, "Huyu hana damu."

Ndugu msomaji, damu anayo. Tena damu yake ina kazi mbili kwa wakati mmoja: kubeba hewa na kupigana na viini vya maradhi. Na usidhani kwamba hiyo ni habari ya wadudu peke yao. Habari hii inagusa kichocho kinachowasumbua watoto wetu, malaria, ugonjwa wa selimundu na hata sindano unayodungwa hospitalini.

Kama wewe ni mzaliwa wa Wusi, kule kwenye milima ya Taita juu ya Mwatate, viumbe hawa unawajua vizuri. Mvua ikinyesha, jongoo wanene hutambaa kwenye vijia na konokono hupanda majani ya mboga. Ukishuka nyikani kuelekea Voi, ukipindua jiwe unaweza kukutana na nge. Ukiendelea hadi Mombasa utawakuta kaa, kamba, ngisi na pweza sokoni. Wote hao ni wanyama wasio na uti wa mgongo, na wote wana damu ya aina moja: damu ya buluu.

SHABA BADALA YA CHUMA

Kwanza tuelewe kazi ya damu. Kila sehemu ya mwili inahitaji hewa ya oksijeni ili iishi. Oksijeni haiyeyuki kwa wingi katika maji, kwa hiyo mwili unahitaji kitu cha kuibeba, mfano wa matatu inayochukua abiria kituoni na kuwashusha wanakokwenda. Kwa binadamu, mbebaji huyo ni protini iitwayo hemoglobini. Ndani yake mna chembe za chuma, na ndiyo maana damu yetu ni nyekundu. Mtu akikosa chuma mwilini hupungukiwa na damu, na daktari humwandikia vidonge vya chuma.

Kaa, nge, pweza na konokono walio wengi hutumia protini nyingine iitwayo hemosianini. Hii haina chuma. Ina shaba, madini yale yale yanayotumiwa kutengeneza nyaya za umeme. Chembe mbili za shaba hukaa karibu karibu na kuishika oksijeni katikati yao. Protini hii ikiwa haina oksijeni haina rangi, lakini ikishapakia oksijeni hugeuka kuwa ya buluu. Mwanasayansi wa Ubelgiji aitwaye Léon Fredericq ndiye aliyeipa jina hilo mwaka wa 1878 alipokuwa akichunguza damu ya pweza.

Jongoo waliwachelewesha wataalamu. Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba jongoo hawahitaji protini ya kubeba oksijeni, kwa sababu hewa huwafikia mwilini kupitia mirija midogo iliyo ubavuni. Ilikuwa mwishoni mwa miaka ya 1990 ndipo hemosianini ilipothibitishwa ndani ya jongoo wakubwa wa Afrika. Kumbe huyo unayemrukia njiani ni wa damu ya buluu!

Kuna tofauti nyingine ya kukumbuka. Hemoglobini yetu imefungiwa ndani ya seli nyekundu. Hemosianini haikufungiwa popote. Inaelea moja kwa moja katika majimaji ya damu, na ndiyo sehemu kubwa ya protini zote zilizomo. Kwa hiyo popote mwilini panapofika damu, yenyewe tayari ipo.

MBEBAJI AMBAYE PIA NI ASKARI

Sasa fikiria kaa aliyevunjika mguu akipigana na mwenzake. Maji anamoishi yamejaa bakteria na kuvu. Kidonda kiko wazi. Binadamu akipata kidonda, mwili wake una seli nyeupe za namna nyingi, na baada ya siku kadhaa hutengeneza kingamwili maalumu za kupambana na kiini kile kile kilichoingia. Chanjo zetu zote hutegemea uwezo huo wa mwili kukumbuka adui. Kaa hana kingamwili za namna hiyo. Afanye nini?

Hapo ndipo hemosianini inapobadilisha kazi. Viini vinapoingia, protini hii inaweza kuguswa na vitu vinavyotolewa na seli za ulinzi, au kukatwa kidogo, na umbo lake likafunguka. Ile shaba iliyokuwa imebeba oksijeni sasa huanza kufanya kazi kama kimeng'enya. Hutengeneza kemikali kali zinazodhuru viini, na mwisho wake ni melanini, rangi nyeusi ya jamii ile ile inayopatikana katika ngozi na nywele zetu. Melanini huziba kidonda na kuwafunika wavamizi kama mtu anayezika takataka kwa saruji. Watafiti walionyesha kazi hii ya pili katika damu ya buibui mwaka wa 1998, na baadaye katika wanyama wengine wa ukoo huo.

Huhitaji maabara ili uone jambo linalofanana na hilo. Katakata ndizi au kiazi ukiache sahanini bila kukitia maji. Baada ya muda mfupi huwa cheusi. Kazi hiyo hufanywa na kimeng'enya chenye shaba mbili mbili kama za hemosianini. Au nenda soko la samaki. Kamba waliokaa muda mrefu bila barafu huanza kuwa weusi kichwani na kwenye maungio ya gamba. Kamba mwenyewe ameshakufa, lakini vimeng'enya vyake vya ulinzi pamoja na hemosianini vinaendelea kufanya kazi bila bwana wao. Weusi huo pekee si sumu, lakini unakuambia kwamba kamba hao hawakuvuliwa leo, au hawakuhifadhiwa vizuri.

Silaha haziishii hapo. Mwaka wa 2001 watafiti wa Ufaransa waliripoti kwamba vipande vidogo vinavyokatwa kutoka mkiani mwa hemosianini ya kamba vina uwezo wa kuzuia kuvu. Miaka miwili baadaye kipande kama hicho kiligunduliwa katika damu ya kamba wa maji baridi, nacho kiliua bakteria. Kwa maneno mengine, gari likishamaliza kubeba abiria, vyuma vyake hufuliwa mikuki.

BINAMU YAKE NDANI YA MBU

Msomaji wa Voi au Taveta ataniuliza, "Haya yote yananisaidia nini mimi ninayeumwa na mbu kila usiku?"

Mbu ni mdudu, na wadudu walio wengi hupeleka hewa mwilini kwa mirija, kwa hiyo damu yao haibebi oksijeni. Hata hivyo wamehifadhi vimeng'enya vya shaba ambavyo ni binamu wa hemosianini ya kaa. Vimeng'enya hivyo ndivyo vinavyotengeneza melanini ya kujilinda. Mwaka wa 1986 watafiti wa Marekani walieleza jinsi walivyokuza mbu wa aina ya Anopheles gambiae, yule yule anayetuambukiza malaria, ambao waliwaua vimelea tumboni mwao kwa kuwafunika kwa tabaka jeusi. Vimelea hao hawakufika kwenye mate ya mbu, na mbu asiye na vimelea kwenye mate hawezi kukuambukiza malaria hata akikuuma mara mia.

Bahati mbaya ni kwamba mbu wengi wanaotuzunguka hawawamalizi vimelea namna hiyo. Vimelea vya malaria na mbu wa Afrika wameishi pamoja kwa muda mrefu mno, na vimelea vimejifunza kuikwepa kinga ya mwenyeji wao. Ndiyo sababu jukumu linaturudia sisi wenyewe.

Taveta inajua somo hilo. Kati ya 1954 na 1959 kulikuwa na mpango mkubwa wa kupambana na malaria ulioitwa mpango wa Pare-Taveta, uliounganisha sehemu hizo mbili za Kenya na Tanganyika. Nyumba zilipulizwa dawa iitwayo dieldrin. Malaria ilipungua sana, lakini haikuisha, na baada ya upulizaji kusimamishwa iliongezeka tena. Kwa hiyo usiachie mbu kazi ya kukulinda. Lala ndani ya chandarua chenye dawa, na ukipata homa nenda ukapimwe kabla ya kumeza chochote.

DAMU YETU NAYO

Usifikiri kwamba ni wanyama wadogo tu wanaopata kinga kutokana na protini inayobeba oksijeni. Ushahidi wa binadamu ulipatikana hapa hapa Afrika Mashariki.

Mwaka wa 1949 kijana mmoja aliyelelewa Kenya, Anthony Allison, alikusanya damu za watu wa makabila mbalimbali ya nchi hii. Aliona kwamba hemoglobini ya aina ya selimundu ilikuwa ya kawaida zaidi karibu na pwani na karibu na Ziwa Victoria, mahali penye malaria nyingi, na ilikuwa adimu katika nyanda za juu zenye baridi. Alirudi kufanya uchunguzi zaidi, na mwaka wa 1954 alichapisha matokeo yake: mtu aliyerithi hemoglobini hiyo kutoka kwa mzazi mmoja tu ana kinga fulani dhidi ya malaria, hasa ile kali inayoua watoto.

Lakini kinga hiyo ina bei. Mtoto akiirithi kutoka kwa baba na mama, seli zake hujikunja kama mundu, damu haipiti vizuri, naye huugua maumivu makali na upungufu wa damu. Huo ndio ugonjwa wa selimundu. Kama kuna mtu mwenye ugonjwa huo katika ukoo wenu, wewe na mchumba wako mpimwe damu kabla ya kupanga kuzaa. Kipimo chenyewe ni cha matone machache tu ya damu.

KONOKONO MWENYE DAMU NYEKUNDU

Sasa tufike kwenye jambo linalopaswa kumshughulisha kila mzazi wa kaunti hii. Nilisema konokono walio wengi wana damu ya buluu. Wako wachache wanaovunja desturi hiyo, na mmoja wao ni Biomphalaria, konokono mdogo wa maji baridi mwenye gamba la bapa lililojikunja kama kamba iliyolazwa chini. Damu yake ni nyekundu. Huyu ndiye anayebeba kichocho cha matumbo.

Konokono huyu hupenda maji yanayokwenda polepole au yaliyosimama: mifereji ya kumwagilia mashamba, mabwawa, na kingo za maziwa zenye magugu. Maji kama hayo mara nyingi huwa na oksijeni kidogo. Uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2006 ulionyesha kwamba ukoo wake ulitokana na konokono wa damu ya buluu, kisha ukajitengenezea hemoglobini kubwa ya namna yake. Hemosianini haikupotea kabisa, ila imebaki kidogo sana.

Vijito vya milimani kama vile vya Wusi, vyenye maji baridi yanayoporomoka kwa kasi, si makao anayoyapenda. Lakini watu wa milimani hawakai milimani daima. Barabara ya kutoka Voi kwenda Taveta inapita Mwatate, na wengi huteremka kwenda kulima, kuuza na kununua, au kuwatembelea jamaa. Sehemu za Taveta zenye maji ya kumwagilia mashamba zimejulikana kwa kichocho kwa miaka mingi. Mtoto anayekwenda huko likizo na kuogelea mferejini anaweza kurudi na mgeni asiyealikwa.

Mzunguko wenyewe ni huu. Mtu mwenye kichocho akienda haja ndani ya maji au karibu nayo, mayai ya mnyoo huingia majini na kuanguliwa. Kiluwiluwi kinachotoka humtafuta konokono na kumpenya. Ndani ya konokono huzaliana, na kutoka kiluwiluwi kimoja hupatikana maelfu. Baada ya wiki kadhaa maelfu hayo huanza kutoka majini, yakimtafuta binadamu. Hupenya ngozi nzima isiyo na jeraha kwa muda wa dakika chache tu. Kisha minyoo hukomaa na kuishi kwa miaka ndani ya mishipa ya damu ya matumbo. Kuna aina ya pili, kichocho cha mkojo, ambayo hubebwa na konokono mwingine aitwaye Bulinus, na minyoo wake hukaa karibu na kibofu.

Je, konokono hajilindi? Hujilinda. Damu yake ina seli zinazomzingira mvamizi na kumshambulia kwa kemikali kali, na protini zinazomtambua. Baadhi ya konokono hufaulu kumuua. Lakini hawako sawa. Biomphalaria sudanica wa Ziwa Victoria huonekana kuwa mgumu kuambukizwa kuliko Biomphalaria pfeifferi, aliyeenea katika mito, mifereji na mabwawa ya sehemu nyingi za Kenya. Huyo wa pili ni mwenyeji mkarimu mno kwa mnyoo. Tena anaweza kujizalisha peke yake bila mwenzake. Maana yake ni kwamba konokono mmoja tu akinusurika kiangazi, anaweza kulijaza bwawa upya mvua ikirudi. Ndiyo maana kuua konokono mara moja hakutoshi.

SUKARI INAYOFANANA

Hapa hadithi ya damu ya buluu na ya kichocho zinakutana kwa njia ya ajabu. Katika bahari ya California kuna konokono mkubwa mwenye tundu juu ya gamba lake, Megathura crenulata. Hemosianini yake ni molekuli kubwa sana, na mwili wa binadamu ukikutana nayo huamka mara moja kana kwamba umepigiwa king'ora. Kwa sababu hiyo wanasayansi huitumia kuchochea kinga katika utafiti wa chanjo.

Mwaka wa 1987 watafiti wa Ufaransa walichapisha ugunduzi uliowashangaza wengi: sukari iliyo juu ya kinyoo kichanga cha kichocho inafanana na sukari iliyo juu ya hemosianini ya konokono huyo wa California. Kingamwili inayomshika mmoja humshika na mwingine. Baadaye wataalamu walitumia kufanana huko kupima damu za wagonjwa na kutenganisha maambukizi mapya na ya zamani. Na wapo wanaopendekeza kwamba mnyoo amevaa sukari ya kikonokono ili akiwa ndani ya konokono asitambulike haraka kuwa mgeni. Mwizi akivaa sare ya askari, nani atamkamata?

Hemosianini hiyo hiyo ina historia katika saratani ya kibofu. Mwaka wa 1974 madaktari wa Marekani waliripoti kwamba wagonjwa waliodungwa protini hiyo ili kupima nguvu ya kinga yao walirudiwa na uvimbe wa kibofu mara chache kuliko wengine. Majaribio yalifuata, na katika nchi chache ikatumiwa kama dawa. Lakini tusitie chumvi. Katika jaribio lililochapishwa mwaka wa 2012, dawa ya kawaida ya mitomycin iliishinda katika kuzuia uvimbe usirudi. Madaktari wengi hutegemea zaidi BCG, chanjo ile ile ya kifua kikuu wanayopewa watoto wachanga, ambayo hutiwa ndani ya kibofu.

Ninataja saratani ya kibofu kwa sababu nyingine pia. Kichocho cha mkojo kisichotibiwa kwa miaka mingi ni mojawapo ya vyanzo vya saratani ya kibofu, na shirika la kimataifa la utafiti wa saratani lilithibitisha hivyo mwaka wa 1994. Saratani hiyo kwa kawaida ni ya aina tofauti na ile iliyojaribiwa dawa ya konokono wa California. Kwa hiyo hatuwezi kungoja konokono mmoja atuponye madhara ya konokono mwingine. Njia nafuu ni kumuua mnyoo mapema.

DAMU ILIYOKAGUA SINDANO YAKO

Kabla ya kufika kwenye ushauri, kuna deni moja ambalo karibu kila msomaji analo kwa mnyama wa damu ya buluu.

Katika mwambao wa mashariki wa Marekani huishi mnyama wa bahari aitwaye Limulus, mwenye gamba lenye umbo la kwato ya farasi. Watu humwita kaa, lakini ukoo wake ni wa karibu zaidi na nge na buibui. Hayupo katika bahari yetu. Mwaka wa 1956 Frederik Bang alieleza kwamba damu ya mnyama huyu huganda upesi ikikutana na bakteria wa aina fulani. Baadaye, yeye na mwenzake Jack Levin waligundua kwamba seli za damu hiyo zinaweza kutambua mabaki kidogo mno ya bakteria, hata waliokwisha kufa. Mabaki hayo yakiingia kwenye mshipa wa mtu huleta homa kali na yanaweza kuua.

Kinachogandisha damu hiyo ni protini nyingine zilizo ndani ya seli, si hemosianini. Lakini zinashirikiana: watafiti wameonyesha kwamba protini hizo za kugandisha zinaweza kuiamsha hemosianini ianze kazi yake ya ulinzi. Kutokana na seli hizo kulitengenezwa kipimo ambacho Marekani ilikiidhinisha mwaka wa 1977, na kikachukua nafasi ya kuwadunga sungura na kungoja kuona kama watapata homa. Chanjo, dawa za sindano na maji ya dripu hupimwa namna hii kabla ya kutoka kiwandani. Chupa inayoning'inia juu ya kitanda cha mgonjwa, iwe Voi, Wesu au Nairobi, ni ya jamii ya bidhaa ambazo dunia imezikagua kwa damu ya mnyama huyo.

Siku hizi kuna kipimo kinachotengenezwa bila kumtoa mnyama damu, kilichotokana na kazi ya watafiti wa Singapore. Ulaya ilikiweka katika kanuni zake za dawa mwaka wa 2021, na kanuni za Marekani zilizokikubali zilianza kutumika mwaka wa 2025.

SI DAWA YA KUNYWA

Baada ya kusoma haya, asije mtu akakuuzia ute wa konokono au majimaji ya kaa akidai kwamba ni kinga ya maradhi. Hemosianini ukiinywa tumbo huimeng'enya kama protini ya nyama au maharagwe. Mchuzi wa pweza ni chakula kizuri, lakini hauchukui nafasi ya matibabu.

Tena kuna watu ambao miili yao huwachukulia kamba, kaa na ngisi kuwa adui. Hemosianini ni mojawapo ya protini zinazoweza kuleta mzio, ingawa iliyo mashuhuri zaidi kwa hilo ni protini ya misuli ya wanyama hao, ambayo haiharibiki hata ukipika sana. Ukila kamba ukawashwa mwili, midomo ikavimba au pumzi ikabana, acha kula mara moja na ukimbilie hospitali. Usijaribu tena wiki ijayo eti kuona kama umezoea.

MAMBO YA KUFANYA

Kuhusu kichocho, shika haya:

Usioge, usiogelee wala usifue katika mfereji au bwawa lililosimama katika sehemu zenye kichocho. Kama huna maji mengine, yachote uyaweke katika chombo kisafi kwa zaidi ya siku moja, au uyachemshe, kabla ya kuoga. Wanaolima kwa kumwagilia wavae buti za mpira.

Tumia choo. Bila mayai kuingia majini, konokono hana cha kubeba. Konokono peke yake hana hatia.

Ukiona damu katika mkojo wa mtoto, au damu katika choo pamoja na maumivu ya tumbo yasiyoisha, mpeleke zahanati akapimwe. Baadhi ya watu huona mkojo wa damu kwa mvulana kuwa dalili ya kubaleghe. La hasha! Ni ugonjwa. Kwa msichana, usikimbilie kudhani ni hedhi.

Dawa yake ni praziquantel, na kipimo chake hupangwa na mhudumu wa afya kulingana na uzito au urefu. Humezwa pamoja na chakula, na aghalabu mara moja inatosha. Huwaua minyoo waliokomaa, lakini haiwamalizi wachanga, wala haikuzuii kuambukizwa tena. Kwa hiyo mtoto anayerudi mferejini atahitaji kupimwa tena. Mwaka wa 2022 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba hata watoto wa miaka miwili wapewe dawa hii katika maeneo yenye ugonjwa. Vidonge maalumu vya watoto wadogo, vilivyojaribiwa Kenya na Côte d'Ivoire, vilipata kibali cha wataalamu wa Ulaya mwishoni mwa mwaka wa 2023. Shule yenu ikitangaza siku ya dawa za minyoo, usimfiche mtoto nyumbani.

Kaa ana hemosianini, mbu ana melanini, na konokono ana seli zake za kupigana. Sisi tuna vyoo, buti, chandarua na vidonge vya praziquantel. Kila kiumbe ana kinga yake, lakini ya kwetu haifanyi kazi mpaka tuitumie.